Bao chini ya kitanda

Nilipoolewa nilikuwa nimemaliza mwaka wa kwanza Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nasomea ualimu wa Kiswahili na Historia. Nikaacha kitanda changu kwenye hosteli za Magufuli, nikahamia chumba kimoja Changanyikeni na mume wangu. Yeye ni fundi wa kuchomelea, anatengeneza mageti na nondo za madirisha. Ananiita Mwalimu, nami namwita Fundi, na majirani wengi hadi leo hawajui majina yetu mengine.

Nilikwenda na begi la nguo, boksi la madesa, yaani nakala za notisi za masomo, ndoo mbili na bao la babu. Bao lenyewe ni gogo la mninga, zito, limechimbwa mashimo thelathini na mawili kwa mistari minne, na mashimo mawili kati ya hayo ni ya mraba. Hizo ndizo nyumba. Lilitoka Pangani kwenye buti la basi likiwa limefungwa kwa khanga. Fundi alilipokea stendi, akalipima kwa mkono, akauliza ni ubao wa kazi gani. Nikamwambia ni urithi. Tulipofika tukalisukuma chini ya kitanda, likakaa huko miezi mitano.

Miezi hiyo mitano naikumbuka kwa uchungu, maana hakuna aliyenilazimisha kuishi nilivyoishi. Kabla ya harusi nilisikia maneno mengi. Wapo walioniambia wazi kwamba binti akiolewa akiwa chuoni amejimaliza, kwamba mwaka hautaisha kabla sijabeba mimba na kurudi nyumbani. Nikaingia kwenye ndoa nikiwa na deni la kuwaonyesha. Nikachukua karatasi ya manila, nikachora ratiba, nikaibandika ukutani juu ya jiko la gesi. Kuamka saa kumi na nusu. Kuteka maji kabla foleni haijawa ndefu, maana bomba la uani ni moja na tupo wapangaji saba. Chai, chumba, kufua. Saa moja kasoro niwe njiani. Vipindi hadi mchana, kisha kimbwetani, kwenye zile meza za kusomea nje, mpaka jua lipungue, sokoni, kupika, kuosha vyombo, halafu msuli, yaani kukesha na vitabu, hadi saa sita au saba usiku. Jumamosi na Jumapili hivyo hivyo, tofauti ni kwamba badala ya vipindi niliandika usafi.

Kwenye ratiba ile hapakuwa na mahali pa kukaa tu. Niliona mwanamke aliyeolewa na bado anasoma hana haki ya kucheza. Kila dakika niliyopumzika niliihesabu kama nimeiba, ama kwa mume wangu ama kwa masomo. Fundi alirudi jioni amechoka, macho mekundu kwa cheche, akala, akawasha redio kwa sauti ya chini ili asinisumbue. Mimi nimeinamia daftari, yeye ameinamia redio. Hatukugombana. Ila siku moja nilishtuka kugundua kwamba tangu Jumatatu hadi Alhamisi tulikuwa tumeulizana mambo ya gesi, maji na nauli tu. Tulikuwa na miezi mitatu ya ndoa.

Na huo msuli wenyewe, nikisema kweli, haukuwa wa maana. Nilikuwa nasoma nikiwa nimechoka, nakariri madesa ya wenzangu neno kwa neno. Darasani nilisinzia. Wiki za mitihani maktaba mpya hujaa, na jengo lile lililozinduliwa mwaka 2018 limejengwa kuchukua wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Mimi nilikuwa miongoni mwa wanaowahi kiti alfajiri. Nilikipata, nikalalia kitabu.

Kilicholitoa bao chini ya kitanda ni giza. Ilikuwa Januari, umeme ulikatika tangu magharibi, simu zetu zote mbili hazina chaji, betri za redio zimekwisha. Tulikuwa na taa moja ya sola, ndogo, haitoshi kusomea. Fundi alikuwa akitafuta ndala kwa mguu, kidole kikagonga gogo. "Mwalimu," akasema, "hivi huu urithi wako unafanya kazi gani?"

Nikalitoa, nikalifuta vumbi kwa khanga ile ile. Kete zilikuwa kwenye mfuko wa kitambaa: komwe, zile mbegu za kijivu, ngumu, laini kama kokoto la mtoni. Kuzishika tu nikasikia kama niko chini ya mkungu wa babu, pantoni linavuka kwenda Bweni, na babu ananiambia mkono usiotulia hauwezi bao. Babu hakuwa na mjukuu wa kiume karibu, akanifundisha mimi nikiwa na miaka minane. Wazee wenzake walimshangaa. Yeye hakuwajibu, aliniwekea kigoda.

Fundi ni mtu wa Kondoa, bao alikuwa amelisikia tu. Nikaanza kumpangia. Kete ziko sitini na nne, kila mtu zake thelathini na mbili. Sita unaweka ndani ya nyumba yako, mbili mbili kwenye mashimo mawili yanayofuata kuume kwake, zinazobaki ishirini na mbili unakaa nazo mkononi. Hapo ndipo unaponamua: unatia kete moja kwenye shimo lako la mbele lenye kete, na kama shimo la mwenzio linalolikabili nalo lina kete, unakula. Akaniuliza zile zinazoliwa zinawekwa wapi. Nikamwambia haziwekwi pembeni. Kete ya mwenzio ukiila unaisambaza upande wako kuanzia kichwani, shimo la pembeni kabisa, inafanya kazi kwako, na kesho keshokutwa yeye anaweza kuila tena ikarudi kwake. Mchezo unaanza na kete sitini na nne na unakwisha na sitini na nne zile zile. Anayeshindwa ni yule ambaye mstari wake wa mbele umebaki mtupu, au hana tena pa kuchezea.

Alinyamaza kidogo akiutazama ubao kwa jicho lile analotazamia geti kabla ya kutoa futi kamba. "Kumbe hakuna kinachopotea," akasema.

Nilimfunga mara nne usiku ule. Umeme uliporudi tulizima taa ya chumbani, tukaendelea na ile ya sola.

Tukajiwekea utaratibu. Siku za vipindi bao moja tu baada ya chakula, yaani kama nusu saa, halafu kila mtu na shughuli yake. Jumamosi matatu. Nikabandua manila ukutani, nikachora nyingine, na safari hii saa mbili na nusu usiku nikaandika BAO kwa kalamu nyekundu. Rafiki yangu wa kozi alipokuja kunitembelea aliona ni jambo la ajabu, mtu kuupangia mchezo saa. Nami namwambia yeyote aliye kwenye hali yangu: usipoupangia saa, utakufa njaa ya kucheza huku unajisifu kwamba una bidii.

Jambo ambalo sikulitarajia ni mazungumzo. Mkiwa mmekaa na bao katikati, macho yenu yako kwenye kete, hamtazamani. Mikono ina kazi. Mtu akikaa kimya dakika tatu hakuna anayeuliza kulikoni, anawaza mchezo. Basi maneno yaliyokataa kutoka mezani yakawa yanatoka pale, moja moja, kama kete. Ndipo Fundi aliponiambia kuna mteja alichukua madirisha manne akatokomea bila kumalizia pesa, na kwamba kodi ya miezi mitatu tuliyolipa alikuwa amekopa kwa kaka yake. Alilificha hilo wiki sita. Mimi nilimwambia kwamba sitaki mtoto kabla sijamaliza mwaka wa tatu, neno ambalo nilikuwa naliogopa kwa sababu ya mama yake. Aliweka kete, akala mbili, akasema, "Mama nitazungumza naye mimi."

Kisha matokeo ya semesta yakatoka. Nilikuwa nimekula sapu, yaani nimefeli somo na natakiwa kurudia mtihani. Tena si ya somo geni: Fonolojia ya Kiswahili. Mimi, mtoto wa Pangani, niliyezaliwa ndani ya lugha, nimeshindwa somo la sauti za lugha yangu. Nilikaa kimbwetani mpaka giza likaingia, nikifikiria namna ya kumwambia mtu aliyekopa ili mimi nisome. Nyumbani nikapika wali na maharage kama kawaida, nikaosha vyombo, nikapanga kete.

Tulikuwa bado tunanamua. Nyumba yangu ilikuwa imefika kete kumi na moja, na shimo lake linaloikabili lilikuwa na mbili. Nilikuwa nimechezea ovyo, nimeiacha wazi, na zamu ni yake. Kuila nyumba yenye kumi na moja ni kulimaliza bao. Nikasema, "Fundi, nimepata sapu."

Mkono wake ulikuwa juu ya shimo lile. Nakumbuka kucha zake, na alama nyeusi ya kuungua kwenye kidole gumba. Kwenye bao kula ni lazima, lakini ukiwa na pawili unachagua pa kula. Mkono ukahama taratibu hadi pembeni, kimbini, akaitia kete yake pale, akala mbili zangu za kule. Akazisambaza. Akasema, "Inarudiwa lini?"

"Mwezi wa tisa."

"Basi tuna muda."

Nililia. Kisha nikakasirika, jambo ambalo mpaka leo ananiuliza sababu yake. Babu alikuwa na sheria moja: kwenye bao hakuna huruma, maana ukimwachia mtu umemwambia hawezi. Nikamwambia Fundi asinihurumie ubaoni hata nikija nimefiwa. Anihurumie kwa kuosha vyombo. Alicheka, lakini tangu siku ile vyombo vya usiku anaosha yeye, na bao ananichezea kwa ukali.

Maandalizi ya ile sapu nayo yalianzia hapo hapo. Jioni moja nilikuwa najisemea kanuni huku nawaza mchezo: irabu /u/ ya kiambishi mu- ikikutana na irabu nyingine huwa kiyeyusho, ndiyo maana mu-alimu ikawa mwalimu, mu-ezi ikawa mwezi. Hayo nilikuwa nayajua kwa moyo. Fundi akauliza, "Na muuguzi je? Mbona hatusemi mwuguzi?"

Nikanyamaza. Muuguzi, muuzaji, muumini, muundo. Maneno ninayoyatamka kila siku, na katika madesa yangu yote sikuwahi kujiuliza kwa nini yamekataa. Nikafungua daftari, nikatafuta, nikaelewa kwamba /u/ ikikutana na /u/ mwenziwe hali ni nyingine, kila moja inabaki irabu na silabi yake. Ni jambo dogo, mwanafunzi makini analijua. Lakini ndipo nilipoona tofauti ya kukariri na kuelewa. Mtu aliyeishia kidato cha nne, anayeisikiliza lugha kwa masikio yake tu, aliuliza swali ambalo mimi mwenye madesa ya kurasa mia mbili sikuwa nalo. Kuanzia hapo kila mada mpya nilimweleza Fundi kwanza. Akikunja uso, narudi kusoma. Kwenye mtihani wa Septemba habari ya muuguzi haikutoka. Nilifaulu hata hivyo.

Jumapili asubuhi naenda na Fundi penye mwembe, karibu na kituo cha daladala, ambapo wazee wana bao lao kubwa. Mara ya kwanza alinipeleka kwa kunibembeleza. Barazani penye bao ni pa wanaume. Sijaona mwanamke mwingine akikaa pale kucheza. Nilisalimia, "Shikamooni wazee," wakaitikia marahaba, kisha wakamtazama Fundi wakidhani yeye ndiye mchezaji. Mzee mmoja mwenye kofia ya kiua akaniuliza, "Binti, unatazama au unacheza?" Nikasema nacheza. Kukawa kimya. Akamwambia kijana aliyekaa mbele yake anipishe kigoda.

Alinifunga mkononi. Yaani nilikuwa bado nina kete sita sijazinamua, mstari wangu wa mbele ukakauka wote. Hajanisemesha hata neno. Alipomaliza akauliza nani alinifundisha, nikamtajia babu na Pangani. "Umefundishwa," akasema, "ila una haraka. Nyumba unaisafirisha mapema." Maana yake nazikomba kete za nyumba na kuzisambaza upesi mno. Aliniambia nirudi wiki ijayo. Nimekuwa nikirudi tangu hapo, na kwa muda wote huo nimemfunga mara mbili. Wazee wale wananipa habari ambazo hata kwenye somo la Historia sizipati, jinsi Changanyikeni ilivyokuwa mashamba na vichaka. Mmoja wao hupenda kukumbusha kwamba Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa mpenzi mkubwa wa bao, na husema hivyo kila anapofungwa, kama mtu anayejifariji kwa jambo la heshima.

Si bao tu tunalolipenda. Boom, ile pesa ya mkopo wa chuo, likiingia, au Fundi akilipwa geti, tunaunganisha magari mpaka Coco Beach jioni. Tunanunua mihogo ya kukaanga yenye pilipili na kachumbari, sahani moja, dafu moja, tunakaa juu ya mawe. Yeye bahari haijui, anaiogopa, anakunja suruali hadi magotini na hasogei zaidi. Mimi naingia na nguo zangu. Ni saa mbili au tatu tu, lakini wiki inayofuata naibeba kwa wepesi.

Na mpira. Fundi ni Yanga wa damu. Mimi nimeachiwa Coastal Union na babu, Wagosi wa Kaya, mabingwa wa mwaka 1988, mwaka ambao mimi sikuwa nimezaliwa, ila nimesimuliwa msimu ule mpaka nauona. Wakicheza timu zetu tunasikiliza kwenye redio, hatuendi kibanda umiza, kule watu wanakolipa kutazama mpira kwenye runinga, kwa sababu redioni mnaweza kuendelea na kazi. Nachambua mchele, yeye anapiga pasi. Mtangazaji akipandisha sauti, pasi inanyanyuliwa juu, mchele unasimama kwenye ungo.

Sasa niko mwaka wa tatu. Nimetoka mafunzo kwa vitendo, wanafunzi wa kidato cha pili wameniita mwalimu mbele ya watu, na nilipowasikia nilimkumbuka mtu wa kwanza kuniita hivyo. Fedha bado ni za kubana. Mama mkwe ameanza kuuliza tena, na Fundi anazungumza naye kama alivyosema. Manila ya ukutani imebadilishwa mara tatu. Ile saa ya kalamu nyekundu haijaguswa.

Nimalizie na usiku wa siku niliyofanya sapu. Kete moja ilikuwa imepotea wiki hiyo. Mtoto wa jirani alichezea mfuko, tukazihesabu zikawa sitini na tatu. Komwe Dar sijui pa kuziokota. Fundi akaleta nati kutoka kazini, nati ndogo ya chuma, akaisugua kutu kwa msasa mpaka ikang'aa, akaitia mfukoni pamoja na nyingine. Kete ikianguka shimoni inatoa sauti ya mbao. Ile nati ikianguka inalia, kwa hiyo hata ukifumba macho unajua iko kwa nani.

Usiku huo ilikuwa ndani ya nyumba yangu, katikati ya kete kumi na nne. Nilikuwa nimechoka na mtihani, sikuangalia vizuri. Fundi akatia kete yake mbele ya nyumba, akatulia, akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu tuanze. Kisha akazikomba zote, ngumi haikutosha, akatumia mikono miwili.

"Samahani, Mwalimu."

"Usiniombe radhi," nikamwambia. "Sambaza."

Akaanza kichwani, moja moja. Nikawa nasikiliza nati itaangukia wapi.